Giaboksi ya auto inaongea, jifunze kuisikiliza kabla hujaambiwa imekufa

Nina Toyota IST naitumia kila siku hapa Kigoma, Mwanga kushuka Kibirizi, na mara mbili tatu kwa mwezi naenda nayo Kasulu. Kuna kipindi ikaanza kutetemeka kwenye spidi 60 mpaka 70 hivi, mtetemo ule wa kama unapita juu ya vituta vidogo vidogo halafu rami yenyewe imenyooka. Nikaipeleka gereji, fundi akaizungusha dakika tano akarudi akanambia giaboksi imeisha, lokapu (klachi ndogo ya ndani, nitaieleza chini) imekufa, agiza nyingine yuzidi kutoka Dar. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake jioni napandisha kutoka stesheni kuja Mwanga na magunia mawili ya dagaa nyuma, ikatetemeka vilevile, ila pale niko gia ya pili, spidi 25 tu. Nikasema ngoja, kama ugonjwa ni lokapu mbona inatetemeka huku kwenye mlima ambako lokapu haijafunga kabisa? Nikamtafuta kijana mwenye mashine ya kupimia, akachomeka ikaja kodi, yaani namba ya kosa, P0303, silinda ya tatu inamisi, haichomi mafuta vizuri. Ilikuwa koili moja, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Ikabadilishwa na gari inatembea mpaka leo kwa giaboksi ileile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nafuatilia sana haya mambo, na nimeona tatizo letu kubwa wenye magari ni kwamba tunafika kwa fundi na sentensi moja tu, "gari inasumbua gia", sasa hapo fundi naye afanyeje, anakisia. Kwa hiyo naandika hatua ninazozifuata mimi, uzijaribu kwenye gari yako ikiwa bado nzima ili siku ikibadilika ujue nini kimebadilika.

Hatua ya 1: jua giaboksi uliyonayo

Fungua boneti utafute kibati cha chasi, kwenye Toyota nyingi kiko pale ukutani nyuma ya injini au kwenye nguzo ya mlango. Tafuta palipoandikwa TRANS/AXLE. IST ya kwanza nyingi utakuta U340E, hiyo ni auto ya kawaida ya gia nne. Ukikuta herufi K mbele, mfano K110 au K111, hiyo ni CVT, haina gia, ina mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Noah za AZR60 zilizotoka baada ya katikati ya 2004 ziko hivyo, Premio na Allion za cc 2000 D4 nazo hivyohivyo, Honda Fit nyingi, na X-Trail nyingi za T31. Hili usilirukie maana nusu ya ninayoyaeleza chini yanabadilika kama una CVT, na oili zake hazichangamani kabisa, ukimimina ATF (oili ya giaboksi ya auto) ya kawaida kwenye CVT ule mkanda unateleza na ukishateleza umekula puli.

Sasa maneno utakayoyasikia gereji. Toki konveta ni lile dude la mviringo kama donati kubwa katikati ya injini na giaboksi, ndilo linalokaa mahali pa klachi ya manyuali. Ndani yake injini inasukuma oili na oili ndo inasukuma giaboksi, hakuna chuma kilichoshikana na chuma, ndo maana unaweza kusimama kwenye D na gari isizime. Kwa kuwa oili inapoteza nguvu kidogo, ukishachanganya spidi kuna klachi ndogo ndani ya konveta inafunga ili injini na giaboksi viende pamoja, hiyo ndo lokapu. Klachi pleti ni sahani za kukamata gia moja moja. Valvu bodi ni kipande cha aluminiamu chenye njia nyembamba nyingi kama vijia vya mchwa ndani ya kichuguu, oili inapita humo kwenda kubana klachi inayotakiwa, na solenoidi ni viswichi vya umeme vinavyofungua na kufunga hizo njia kwa amri ya kompyuta. Ovadraivi ni gia ya juu kabisa. Kikidauni ni pale unapokanyaga mafuta mpaka chini gari inashusha gia yenyewe ili ipate nguvu ya kuovateki, injini inapiga kelele ghafla, usiogope hiyo ni kazi yake.

Hatua ya 2: hesabu gia

Hii ndo hatua naipenda kuliko zote na haina gharama. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu asubuhi, zima redio, pandisha vioo. Ondoka taratibu, mguu uleule usibadilishe, na macho yaibe ibe kwenye mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Utaona mshale unapanda, unafika kama 2000 hivi, halafu unashuka kidogo, hapo umetoka gia ya kwanza kwenda ya pili, na kwa mguu mwepesi kwenye gari ndogo inakuwa kwenye spidi 20 hivi. Unapanda tena unashuka, gia ya tatu, karibu na 40. Tena, gia ya nne, karibu na 60. Halafu subiri, usiongeze mafuta, mahali fulani karibu na 70 utaona mshale unashuka tena kidogo, mia mbili tatu hivi, kama vile kuna gia ya tano. Gia ya tano haipo, hiyo ni lokapu imefunga. Sasa kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo sana, nyepesi ya kuwasha taa tu bila gari kupungua, utaona mshale unaruka juu. Lokapu imeachia. Ukiachia breki inafunga tena.

Namba hizo zinatofautiana gari na gari, kinachotakiwa ni uzijue za kwako. Ukikanyaga mafuta sana gia zote zinachelewa kubadilika, ni kawaida. Kama dashibodi yako haina RPM, sikiliza mlio wa injini, unapanda halafu unalegea, utazihesabu vizuri tu.

Ukishajua hivyo unaweza kutofautisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Kuteleza kwa gia ni RPM inapanda halafu spidi haipandi, injini inalia "wuuuu" katikati ya gia ya pili na ya tatu kisha gari inashika kwa kishindo. Kutetemeka ni kitu kingine. Kama inatetemeka pale tu lokapu inapofunga na ukigusa breki kidogo inaacha hapohapo, basi elekeza macho kwenye lokapu au oili iliyochoka. Kama inatetemeka hata gia ya pili kwenye mlima, anza na plagi na koili. Hapa nikuonye, koili mbovu nayo inaweza kujificha nyuma ya lokapu maana lokapu ikifunga injini inabeba mzigo zaidi, kwa hiyo usijaribu sehemu moja ukaamua. Wenzetu wa Tabora barabara yao ya Urambo na Kaliua imetulia sana, gari inakaa gia ya nne na lokapu imefunga muda mrefu, huko mtetemo wa lokapu unajionyesha vizuri. Sisi Kigoma tuna milima, kwetu kinachoonekana haraka ni kuteleza na joto.

Kwenye CVT hutahesabu chochote. RPM inasimama kwenye 2000 halafu spidi inaendelea kupanda taratibu, mtu aliyezoea gia anadhani inateleza na anakimbilia gereji, kumbe ndivyo ilivyo.

Hatua ya 3: ipime baridi na ikiwa moto

Asubuhi gari ikiwa baridi kompyuta inachelewesha gia ya nne na lokapu mpaka injini ipate joto. Kwa hiyo dakika za kwanza RPM kuwa juu sio ugonjwa. Mwezi wa sita na wa saba kule Tabora asubuhi kuna kibaridi cha kweli na utaona inachelewa zaidi. Kinachotakiwa ni uandike: tatizo lipo asubuhi tu, au linakuja baada ya nusu saa? Gari inayoshika vibaya ikiwa baridi halafu ikapona ikipata moto mara nyingi ni sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) zimekauka ndani au oili imepungua. Inayoanza vizuri halafu ikateleza ikishapata moto inatisha zaidi, oili ikiwa moto inakuwa nyepesi na presha inaponyokea kwenye sehemu zilizolika.

Halafu jaribu muda wa kushika. Gari iwe na moto, sehemu tambarare, AC umezima, injini sailensa, yaani inawaka bila kukanyaga mafuta, handibreki juu na mguu kwenye breki. Toa frii (N) weka D, hesabu mpaka usikie kile kimtikisiko kidogo cha kushika. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinasema D isizidi sekunde 1.2 na rivasi isizidi 1.5. Tumia saa ya simu, rudia mara tatu, kila mara uache dakika moja katikati. Ukiona rivasi inachukua sekunde tatu usisubiri mwisho wa mwezi.

Hatua ya 4: kelele

Hapa ndo pesa nyingi zinapotea kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali la kwanza daima ni hili: kelele inafuata RPM au inafuata spidi? Simama, weka P, ongeza mafuta taratibu. Kama mvumo au mluzi unapanda hapo umesimama, unafuata injini. Inaweza kuwa pampu ya oili ya giaboksi inavuta hewa kwa sababu oili imepungua au filta imeziba, lakini inaweza pia kuwa beringi ya oltaneta, au powasteringi kwa magari yenye ile ya oili, zungusha usukani usikie kama mlio unabadilika. Kama kelele inafuata spidi na hata ukiweka gia nyingine haibadiliki, kuna uwezekano mkubwa ni beringi ya tairi wala sio giaboksi. Kwenye barabara tupu spidi 50 yumbisha usukani kidogo, ukikata kushoto uzito unaenda tairi za kulia, mvumo ukizidi hapo anza na beringi ya kulia.

Tak tak tak ukikata kona kali ni sivi jointi, ile jointi ya eksel inayozungusha tairi.

Kishindo "gdu!" unapoweka D au rivasi, kabla ya kulaumu giaboksi angalia mauntingi za injini. Mtu mmoja akae ndani, breki amekanyaga kwa nguvu na handibreki juu, wewe simama pembeni ya gari, narudia pembeni, usisimame mbele wala nyuma. Boneti iko wazi, mwambie aweke D, frii, R, frii. Injini kutikisika kidogo ni sawa. Ikinyanyuka kama inataka kuruka, mauntingi imepasuka. Kwa barabara zetu za vumbi na mashimo mauntingi zinakufa sana, hasa ile ya chini kati ambayo watu hawaikumbuki.

Kishindo kingine kinaniuma kwa sababu tunajitengenezea wenyewe. Unapaki kwenye mteremko, Mwanga pale kushuka Lumumba, unaweka P halafu unaachia breki bila handibreki, gari inasogea kidogo inakwama. Gari nzima na mzigo wake sasa inaning'inia kwenye kidole kimoja cha chuma ndani ya giaboksi, na ukija kuitoa P inapiga "kang!" Fanya hivi: kanyaga breki, weka frii, vuta handibreki, achia breki polepole gari itulie kwenye handibreki, kanyaga breki tena ndo uweke P.

Hatua ya 5: oili

Kwa Toyota zenye dipstiki ya giaboksi, kama IST, unapima injini inawaka, tofauti na oili ya injini. Endesha kwanza dakika ishirini, paki tambarare, mguu kwenye breki pitisha gia zote P mpaka L na kurudi, kila moja ikae sekunde mbili, rudi P. Chomoa dipstiki, futa na kitambaa kisicho na nyuzi, rudisha, chomoa tena usome upande ulioandikwa HOT. Kwa Honda ni kinyume, unazima injini kwanza halafu unapima hapohapo.

Sasa dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe uiache dakika kadhaa. Oili nzuri inasambaa pinki au nyekundu angavu kama juisi ya rosela. Ikiwa ya kahawia kama mawese yaliyokaangiwa samaki mara tatu nne, imechoka. Ikiwa nyeusi, haisambai, imebaki na doa katikati na inanuka kama kitu kilichoungua, klachi zimeanza kuisha. Na ukiiona imekuwa kama maziwa yenye pinki, zima gari usiwashe tena, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, kwa sababu oili inapozwa kwenye bomba lililopita ndani ya rejeta na likitoboka vinachanganyika.

Aina ya oili mara nyingi imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe, T-IV kwa mfano. Weka hiyo. Ukimsikia mtu anakwambia haidroliki (oili za giaboksi) zote ni moja, chukua funguo zako uondoke. Ukifungua nati ya chini haitoki yote, inatoka karibu nusu, nyingine imebaki kwenye konveta, kwa hiyo pima iliyotoka kwenye chupa na urudishe kiasi hichohicho. Ukishusha sampo, ile trei ya oili chini ya giaboksi, angalia sumaku: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma vinavyoshikika na vidole sio kawaida.

Kuna maneno kwamba ukibadilisha oili kwenye gari ya zamani giaboksi inakufa. Ninavyoona mimi, watu wanabadilisha gari ikiwa tayari inateleza, oili mpya haiwezi kurudisha klachi iliyoisha, halafu lawama inaenda kwa oili. Kama gari inashika vizuri badilisha ya kudondosha tu, bila kusukuma kwa presha ya mashine.

Hatua ya 6: taa

Taa ya O/D OFF (ovadraivi imezimwa) ikiwaka tu bila kupepesa maana yake wewe au mwanao mmebonyeza kitufe na gia ya nne imefungwa. Nimekutana na mtu ametembea hivyo miezi analalamika gari inakunywa mafuta. Ila kitufe hicho ni rafiki kwenye mlima, ukipanda barabara ya Manyovu gari ikahangaika tatu nne tatu nne, kibonyeze itulie kwenye ya tatu, joto litapungua. Kushuka vilevile, weka 2 au L injini ikusaidie breki. Usishuke na frii, hata siku moja.

Ikipepesa yenyewe, kompyuta imeona kosa. Gari ikakwama kwenye gia moja na kuondoka kizito, hiyo ni hali ya kujilinda, sio kwamba imekufa. Omba kodi, na uombe namba yenyewe sio maelezo tu. P0700 ni kengele ya jumla, inasema kuna kodi nyingine. P0715 ni sensa ya mzunguko wa kuingia. P0730 ni gia haiendani na spidi, hapo kuteleza kupo. P0741 lokapu haifungi. P0750 na namba zinazofuata ni solenoidi za gia, na solenoidi au waya wake ni bei nyingine kabisa na giaboksi nzima. Usikubali zifutwe kabla hujapiga picha.

Hatua ya 7: ikikuzimikia njiani

Auto haisukumwi ikawaka. Na ukiharibikiwa huko porini kati ya Uvinza na daraja la Malagarasi, likaja lori lenye roho nzuri likakufunga kamba, fikiri mara mbili. Pampu ya oili inazungushwa na injini, injini ikiwa imezima hakuna oili inayopita, matairi ya mbele yanazungusha giaboksi ikiwa kavu mpaka Kigoma mjini. Umeenda na tatizo la betri umerudi na giaboksi ya kweli iliyokufa. Ipakie juu, au nyanyua matairi yanayovuta, au vuta mita chache tu utoke barabarani.

Hatua ya 8: namna ya kumwambia fundi

Mwandikie kabla hujafika. Jirani yangu mwenye mchomoko wa Probox tulimwandikia hivi kwenye simu tukamtumia fundi: "Shikamoo fundi. Probox, giaboksi U340E. Asubuhi iko sawa. Baada ya nusu saa ikiwa na abiria, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu RPM inapanda mpaka 3500 halafu inashika kwa kishindo. Rivasi inashika sekunde moja. Oili ni kahawia, haijaungua, iko chini ya alama ya HOT. Taa haipepesi. Kuna tone la oili chini kila ikipaki, upande wa kulia." Fundi akajibu, "Marahaba, usiitembeze, anza na hilo tone." Ilikuwa sili ya eksel ya kulia inavujisha, ikabadilishwa, ikaongezwa oili mpaka kwenye alama, na siku ya tatu gari ilikuwa Kasulu na abiria.